Watu Wanne Kila Mlango

Magoti yangu yaligoma mwaka niliotimiza arobaini na nane, na hayakugoma kwa adabu. Nilikuwa chini jikoni kwa mtu, vigae vinne vimebaki nimalize sakafu, nikashindwa kunyanyuka. Mwenye nyumba akanishika mkono mmoja, mke wake mwingine, wakanivuta kama watu wanaong'oa kisiki. Daktari alitazama picha akasema magoti yangu yana umri wa miaka sabini. Nikamuuliza kama yatalipwa pensheni. Hakucheka. Alisema nikiendelea kuyapiga sakafuni kila siku, miaka miwili ni mingi.

Kazi ya vigae niliianza nikiwa na miaka kumi na mitano. Shule niliiacha mwenyewe; sikufukuzwa, wala sikulia. Niliposikia kwamba chuo cha jamii, kile kilicho nyuma ya hospitali anakofua mashuka mke wangu, kinapokea watu wazima kwa mtihani wa kuingilia tu, nilikwenda nikitaka kufundisha karakana. Karakana ilikuwa na mwalimu tayari. Mama wa mapokezi akaniambia kama niko tayari kusoma badala ya kufundisha, viti vimebaki kwenye sayansi ya jamii.

"Sayansi ya nini hasa?" nikamuuliza.

"Ya watu. Wanaishije, na kwa nini wanafanya wanayoyafanya."

Nikamwambia basi nusu nimeshasoma. Miaka thelathini na mitatu nimeingia kwenye nyumba za watu kupitia mlango wa jikoni, na hakuna anayemficha fundi kitu. Akanipa fomu.

"Baba watoto," mke wangu akasema nilipomweleza, "hiyo sosholojia ina dawa?"

Kaka yake, shemeji yangu mwenye gereji, alicheka mpaka akatua kikombe mezani. "Shemeji, gari likiharibika naliona. Jamii ikiharibika utaingia chini yake na spana namba ngapi?"

Niliwaacha wacheke. Mtihani nilipita, tena vizuri kuliko nilivyotegemea.

Darasani tulikuwa ishirini na wanne, na aliyenifuata kwa umri alikuwa na miaka ishirini na saba. Mwalimu wetu mwenyewe ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Siku ya kwanza alisimama mbele akasema anajua swali tulilotumwa nalo kutoka nyumbani, akalijibu kabla hatujauliza: ukimaliza hapa unafanya kazi gani? Akajaza ubao. Afisa ustawi wa jamii. Afisa maendeleo. Kazi za mashirika. Ofisi ya takwimu. Utafiti wa masoko. Utafiti wa makazi. Ofisi za waajiri, kushughulikia wafanyakazi. Ushauri nasaha shuleni na hospitalini. Na anayetaka kusonga mbele, cheti cha hapa kinampeleka chuo kikuu.

Niliipitia orodha ile kama ninavyopitia vigae dukani, nagonga kimoja kimoja kusikia kama kina ufa. Ushauri nasaha, hapana. Mtu akinililia nitamwambia anyamaze. Kushughulikia wafanyakazi, hapana. Nimefanya kazi chini ya mabosi wengi, sitaki kuwa mmoja wao. Utafiti wa masoko ni kuwauliza watu wanapenda sabuni gani. Lakini kwenda mlango kwa mlango, kujua watu wanaishije, ukaandika ili anayejenga ajue anamjengea nani, hiyo niliiona ni yangu kabisa. Kwenye mstari wa makazi alikuwa ameandika: idara za nyumba, maji na mipango miji.

"Mzee, umeshaipata?" Mwalimu aliniuliza mbele ya wote, maana nilikuwa nimekodolea macho mstari mmoja.

"Mimi nimeshaipata, Mwalimu. Bado yenyewe inipate mimi."

Haikuwa mbali kunipata. Muhula wa mwisho idara ya nyumba ya manispaa ilileta kazi chuoni, kama kila mwaka. Walikuwa na majengo mawili ya ghorofa yenye mabafu yanayooza. Wanakarabati, baada ya miaka miwili maji yanashuka tena mpaka kwa jirani wa chini. Walitaka kujua watu wanayatumiaje. Kila mwanafunzi angepewa ngazi moja yenye milango kumi na minane, aende na hojaji, arudi na majibu. Siku ya kuwasilisha, mkuu wa idara angekuja mwenyewe kuchagua mtu mmoja wa kumchukua kwa mafunzo kazini, miezi sita. Wawili waliochukuliwa miaka iliyotangulia hawakutoka tena, waliajiriwa palepale.

Nafasi moja, watu ishirini na wanne. Niliona ni yangu, na sikumficha mtu. Kwangu ilikuwa ama nafasi ile, ama kurudi sakafuni mpaka siku nyingine ya kuvutwa mikono, na safari hiyo kusiwe na wa kunivuta.

"Mzee amejipa kazi tayari," akasema binti mmoja tuliyemwita Spika kwa sababu hazimwi. "Hata mkuu hajamwona!"

"Akiniona atajuta kuchelewa."

"Tutaona. Mimi nina michoro ya rangi."

"Wewe paka rangi. Mimi nitaleta watu."

Niliangukia Ngazi C. Mlango wa kwanza nilibisha nikiwa na hojaji mkononi, kama tulivyofundishwa. Mwanamke alichungulia, akaona karatasi, akasema, "Tuko wanne," akafunga. Sikuwa nimeuliza kitu. Mlango wa pili, kijana wa shati wazi: "Wanne." Nyuma yake niliona jozi tisa za viatu.

Mkataba wa kupanga pale unaruhusu watu wanne. Kila mtu anajua, na kila anayebisha na karatasi anapewa wanne wake aende.

Nilishuka nikarudi nyumbani, nikachukua mfuko wangu wa kazi. Mwiko, nyundo ya mpira, pima maji, kopo la saruji nyeupe ya kujazia mianya. Kesho yake nikabisha mlango wa tatu.

"Fundi. Nimekuja kuangalia bafu."

Mlango ulifunguka hata sijamaliza kusema. Na sikudanganya, bafu niliangalia. Bafu linasema. Kigae kilicho chini ya bomba kikilika mng'ao kwa namna fulani, najua miguu mingapi inasimama pale kila asubuhi. Nilihesabu misumari ya taulo, nikahesabu miswaki. Palipolegea kigae, nilikibandika bure. Na huku nabandika, mpangaji amesimama mlangoni anaongea, maana watu wakimwona fundi amepiga magoti wanaongea kama maji. Mdogo wangu amekuja na mkewe. Shangazi amefiwa, tumemchukua na watoto. Tunaoga kwa zamu, wa kwanza saa kumi na moja alfajiri.

Ghorofa ya tatu alikuwepo bibi mmoja mfupi, sauti kama filimbi. Alinipa kiti chake nipumzishe magoti, akanihesabia wajukuu wake kwa vidole, vidole vikaisha. "Tuko kumi na mmoja, mwanangu. Usiku hapa ukitaka kwenda msalani lazima uombe njia kwa majina." Tulicheka. Nilimbandikia vigae sita.

Kila nikitoka, nilisimama kwenye ngazi nikajaza hojaji na namba ya mlango juu yake. Siku nne, milango kumi na minane, pamoja na ile miwili ya mwanzo, ambayo safari hii ilimfungulia fundi. Magoti yalikuwa yanawaka moto, lakini nilipanda ngazi za chuo nikipiga mluzi.

Mwalimu alizitandaza karatasi zangu mezani karibu na za Spika. Za Spika: nne, nne, nne, tano, nne.

"Ngazi yako wamezaa kwa makubaliano," nikamwambia Spika.

"Niache, Mzee."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa anasoma zangu, nyusi zimepanda. "Tisa. Saba. Kumi na moja. Mzee, miaka mitano chuo kinaleta wanafunzi pale, hakuna aliyewahi kupata haya. Umefanyaje?"

Nikamweleza, tena kwa madaha. Mfuko, vigae, bibi na vidole vyake. Nilikuwa nangoja sifa.

"Ukurasa wa kwanza uliwasomea?"

Ukurasa wa kwanza wa hojaji ni wa ridhaa. Unausoma kwa sauti kabla ya kuuliza chochote: mimi ni nani, natoka wapi, majibu yako yatakwenda kwa nani, una haki ya kukataa. Tulifundishwa juma zima.

"Niliupita," nikasema. "Mwalimu, ukisoma ule mlango unafungwa. Mimi nilibandika kigae."

"Kwa hiyo hawajui kwamba wameijibu manispaa."

"Wamejibu ukweli."

"Wamemjibu fundi. Wewe umeubeba ukweli wao ukaupeleka kwa manispaa, wenye majengo. Na umeandika namba ya mlango." Alizikusanya karatasi zangu, akazigongagonga mezani zikae sawa, akanirudishia. "Siwezi kuzipokea. Hii ni kuiba."

Nikasimama. "Miaka thelathini na mitatu naachiwa funguo za watu! Sijawahi kuondoka na msumari wa mtu!"

"Najua. Ndiyo maana walikufungulia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Leo Jumatatu. Ijumaa tunawasilisha. Rudi ukaombe ridhaa mlango kwa mlango, anayekataa karatasi yake inachanwa. Hutaki, huna cha kuwasilisha."

Spika alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayehesabu ndege. Nilitoka.

Nyumbani nilimwaga yote kwa mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Nilimwambia kitoto kile kimeniita mwizi, mimi, kwa sababu ya karatasi moja ya kusoma kwa sauti.

"Yule kijana wa mita za umeme," mke wangu akasema, "unamkumbuka?"

"Yupi?"

"Aliyekuja kusoma mita, ukamkuta chumbani anahesabu vitanda."

Nilimkumbuka. Nilimshika ukosi, nikamshusha mpaka barabarani, nikamwambia nikimwona tena nitamsomea mita yeye.

"Alisema ametumwa na ofisi," mke wangu akaendelea. "Alisema hana nia mbaya. Na huenda hakuwa nayo." Akaweka shati langu juu ya rundo. "Wewe umeingia na mwiko, yeye aliingia na tochi. Tofauti nyingine siioni, baba watoto."

Nilichukua shati lile nikalikunja upya. Sipendi kukosea, na kinachoniudhi zaidi ni kukosea mbele ya watu wawili siku moja. Lakini kigae kikikaa upande, unakitoa saruji ingali mbichi. Ukingoja ikauke, utakivunja pamoja na cha jirani yake.

Jumanne nilikwenda bila mfuko. Nilibisha mlango wa kwanza, nikasema mimi ndiye fundi wa juzi, kigae chako kimeshika? Kimeshika. Vizuri. Sasa nina jambo la kukuambia na hutalipenda. Nikausoma ukurasa ule neno kwa neno, na kusoma kwa sauti hakujawahi kuwa kazi yangu. Kisha nikasema: nilikuhesabu bila kukuambia, karatasi yako hii hapa, ukisema niichane naichana sasa hivi.

Wa kwanza alinitazama, akasema, "Mbona unajisumbua? Iache." Wa pili aliniita nyoka. Nilichana yake mbele yake, vipande vidogo, akaviokota kimoja kimoja akavitia mfukoni asije mtu akaviunganisha. Wa ghorofa ya juu, mtu wa gwanda la ulinzi, alisema anakumbuka alivyoniletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba nikikanyaga tena pale atanipitisha dirishani. Nilichana nikashuka. Ngazi zile, nilizozipanda wiki iliyopita na mfuko begani, sikuwahi kuziona ndefu hivyo.

Jumatano nilifika kwa bibi wa ghorofa ya tatu. Huyo ndiye niliyekuwa nimemwogopa. Alinisikiliza amesimama, na safari hii kiti hakunipa.

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa naongea na manispaa."

"Ulikuwa unaongea na mimi, mama. Ila mimi nilikuwa nawaandikia wao."

"Na mimi nikakuhesabia wajukuu mpaka yule mchanga!" Alishika kiuno. "Mtu mzima mzima! Hukuona haya?"

"Sikuona. Naona sasa."

"Wakishajua tuko kumi na mmoja, watatutoa?"

Ningeweza kusema hapana. Ndilo neno alilolitaka, na fundi amezoea kumtuliza mwenye nyumba. "Sijui," nikasema. "Najua wanatengeneza bafu la watu wanne kila mara, na ndiyo sababu linaoza. Wakijua mko wengi wanaweza kulijenga la kudumu. Wanaweza pia kuwa wajinga. Siwezi kukuapia."

Alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaishika mbali na macho yake. "Hii namba hapa juu ni ya mlango wangu?"

"Ni ya mlango wako."

"Bila hii namba, watajua ni mimi?"

"Hawatajua. Watajua kuna mlango wenye watu kumi na mmoja. Basi."

Akaingia ndani akarudi na mkasi wa jikoni. Aliikata kona ile mwenyewe, taratibu, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kisha akanirudishia karatasi na mkasi.

"Za wenzangu nazo. Hapahapa, nikuone."

Nilikaa kwenye ngazi, mlangoni pake, nikakata kona zote. Alizihesabu. Baadaye nilipowarudia waliokuwa bado hawajajibu, niliwaonyesha kona iliyokatwa kabla ya kusema neno, na ilinisaidia kuliko maneno yote ya ukurasa wa kwanza. Wawili hawakunifungulia kabisa. Wanne kwa jumla walikataa. Kumi na wawili walikubali, tena wakijua wamekubali nini. Mwalimu alizipokea Alhamisi saa tisa, akapitisha kidole mahali palipokatwa kona, akauliza wazo la nani. Nikamwambia la mtafiti mwenzangu, ana wajukuu wengi.

Ijumaa mkuu wa idara ya nyumba alikaa mstari wa mbele. Mtu mnene, miwani juu ya paji la uso, sura ya mtu aliyeletewa malalamiko tangu asubuhi. Spika alitangulia na michoro yake. Ilikuwa mizuri kweli.

"Kwa hiyo watu wanne kila nyumba," mkuu akasema.

"Ndivyo walivyosema, mkuu." Spika akaushusha mchoro. "Lakini mimi mwenyewe siamini."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, nilimheshimu siku ile.

Ikafika zamu yangu. Sikuwa na michoro. Nilisema milango kumi na minane, kumi na miwili imekubali, minne imekataa, miwili haikufunguliwa. Kwenye ile kumi na miwili wanaishi watu tisini na saba, yaani wanane na ushee kila mlango. Bafu lilitengenezwa kwa wanne. Halipati saa ya kukauka. Wa mwisho akitoka, wa kwanza anaingia. Wapangaji hawaliharibu, wanalitumia tu. Nikamweleza wabadilishe nini: mteremko wa sakafu, kizuizi cha maji chini ya vigae, na tundu la hewa ambalo mchoraji alilisahau. Mwaka wa kwanza wa kazi nililipishwa bafu kama hilo, nikamwambia, kwa hiyo nalijua.

Mkuu alishusha miwani machoni. "Hii ndiyo taarifa niliyokuwa naitafuta. Sasa nipe milango. Ipi ina watu zaidi ya wanane?"

"Sina."

"Huna au hunipi?"

"Nilikuwa nayo nikaikata. Na hata ningekuwa nayo nisingekupa."

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, hakuingilia.

"Wewe unataka kazi kwangu," mkuu akasema, "na unaanza kwa kuninyima?"

"Naitaka sana. Magoti yangu yameisha, na sina kazi nyingine isipokuwa ya kuyapiga sakafuni. Lakini nisikilize, mkuu. Nikikupa milango leo, utawaandikia barua za kuhama watu kumi na wawili, na kesho ngazi zote za majengo yako zitajua. Mwaka ujao ukimtuma mtu, ataambiwa wanne, na mabafu yako yataendelea kuoza. Una taarifa hii kwa sababu watu kumi na wawili waliniamini mara ya pili. Mara ya tatu haipo."

"Na hao wanne waliokataa, walisema nini?"

"Walisema hapana. Sina zaidi ya hapo."

Alionekana mtu aliyekasirika anayejua pia hesabu. "Miaka mitano naletewa wanne wanne," akasema, si kwangu, kwa Mwalimu. "Nimebomoa mabafu yaleyale mara tatu." Akanigeukia. "Unaanza Jumatatu."

Mdomo wangu ulikuwa na kazi bado. "Kwa barua," nikasema. "Iandikwe kwamba anayekwenda kuuliza hatadaiwa namba ya mlango."

"Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayetolewa. Hilo ni la baraza."

"Sijaomba hilo. Andika unaloweza kulitia sahihi."

Mtu fulani nyuma, na nadhani ni Spika, alisema, "Mzee!" kwa sauti ya mtu anayeona gari linarudi nyuma bila dereva. Mkuu alivuta karatasi ya chuo, akaandika mistari mitatu, akatia sahihi, akanisukumia. Niliisoma polepole, nikairudia. Ilisema nilichokitaka.

Nikaikunja nikaitia mfuko wa shati, nikamwambia Jumatatu sitaweza, kuna bafu la mtu nimelibomoa nusu, kibarua cha kulipia ada, na familia inaoga kwa jirani. Nitaripoti Jumatano saa mbili.